TAHADHARI: Vyumba hewa vya wanafunzi Arusha na Moshi, usitume kodi ukiwa bado kwenu

Wanafunzi mnaotoka Kenya, Uganda, Burundi, Kongo na Komoro kuja kusoma Arusha au Moshi, someni hii kabla hamjatuma hata shilingi. Vyuo vikikaribia kufunguliwa, Oktoba na Novemba, madalali wa uongo hujaa, na wanaowindwa zaidi ni ninyi mlio mbali: hamuwezi kuja kukiona chumba, na mnaogopa kufika bila pa kulala.

Mchezo wenyewe uko hivi. Mtu anapata funguo za chumba ambacho mpangaji anahama, au anakodi chenye fenicha kwa siku mbili tatu. Anapiga video, anaiweka mtandaoni: choo ndani, LUKU yake (mita ya umeme wa kulipia kabla), dakika tano chuo. Ukiuliza, anakwambia wapo wawili wanakitaka, tuma ya kushikilia. Ukituma, anadai miezi sita yote kwa sababu "mwenye nyumba amekasirika". Chumba kile kile anawauzia watu watatu au wanne. Mkataba anaokutumia ni fomu ya steshenari, yeyote anainunua na kuijaza. Kwa chumba cha 80,000 kwa mwezi, miezi sita ni 480,000, na ya dalali 80,000. Hapo 560,000 zimekwenda.

Dalali wa kweli halipwi hivyo. Chake kwa kawaida ni kodi ya mwezi mmoja, na anakipata ukishakutana na mwenye nyumba mkakubaliana. Wengine hudai hela kidogo ya kukuzungusha; hiyo ipo, ila pataneni bei kabla hamjaanza kutembea. Kodi yenyewe haipitii mkononi mwake hata kidogo.

Fika kwanza, lala gesti siku chache, umuulize mshauri wa wanafunzi chuoni ni nyumba zipi wanafunzi wanakaa bila matatizo. Kisha tafuta kwa miguu: Njiro kwa wa Chuo cha Uhasibu Arusha, Tengeru kwa wa chuo cha Nelson Mandela, Longuo ya Moshi kwa wa chuo cha KCMC. Ukipata chumba, rudi jioni bila dalali, wapangaji wakiwa wametoka kazini, uwaulize kodi wanampa nani. Omba kuona ankara ya maji, ya AUWSA kwa Arusha au MUWSA kwa Moshi, ulinganishe jina na kitambulisho cha anayekupangisha. Jina likiwa la marehemu mzee, si ajabu, lakini uliza msimamizi wa mirathi ni nani, usije ukamlipa ndugu mmoja wenzake wakakutoa. Nunua LUKU ya 2,000 kwenye mita hiyo kabla ya kulipa: kama kuna deni, litaanza kukatwa hapo hapo na utapata uniti chache kuliko inavyostahili. Kodi ya jengo, ile ya serikali, nayo hukatwa humo tangu 2021, kwa hiyo makato hayo peke yake yasikutishe. Mkataba sainini ofisi ya serikali ya mtaa, au ya kijiji, upigwe mhuri. Mwenye nyumba anayekataa kwenda huko, achana naye.

Ukishahamia, ipo meseji ambayo Watanzania wameizoea na mgeni haijui: "Mimi mwenye nyumba wako, ile kodi nitumie kwenye namba hii, jina litakuja..." Inatumwa kwa watu ovyo, wanabahatisha mwenye kodi mkononi. Mpigie mwenye nyumba kwa namba iliyo kwenye mkataba. Meseji hiyo na namba iliyoituma, zitume kwa meseji kwenda 15040 ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ni bure.

Kuna pia wanaojitolea kukutafutia chumba na kibali cha kuishi kwa pamoja. Pasipoti usimwachie mtu. Malipo ya Uhamiaji yanakwenda kwa kumbukumbu namba ya serikali (control number), hayaendi kwenye simu ya mtu binafsi.

Kama umeshatuma, usianze kubishana na tapeli kwenye simu. Piga 100, huduma kwa wateja ya mtandao wako wa simu, mara moja, omba muamala uzuiwe kabla hajatoa, kisha nenda polisi na meseji ya muamala, picha za tangazo na mazungumzo yote ambayo hujayafuta. Usiondoke kituoni bila namba ya RB, yaani namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi.