Siti za kitambaa kwenye gari za spoti: katikati haifi, kinachokufa ni ubavu wa siti ya dereva

Niseme mapema, mi ni mtu wa siti za kitambaa. Nimeendesha za leza, yaani ngozi, nimeendesha za suedi, na gari ninalotumia sasa hivi ni la milango miwili, liko chini kweli kweli, siti zake kitambaa cheusi kitupu na mishono ya uzi mwekundu, na kila anayepanda ananiuliza swali lile lile, hivi hiki kitambaa kitadumu kweli? Kitadumu. Ila kuna sehemu moja, haizidi ukubwa wa kiganja, ambayo itakutia aibu wakati gari zima bado linadai, na cha ajabu ni kwamba hiyo sehemu haina uhusiano sana na ubora wa kitambaa chenyewe.

Tuanze na katikati, pale unapokalia na pale mgongo unapoegemea. Hapo sina la kulalamika. Kitambaa cha siti za kisasa karibu chote ni poliesta, na poliesta ni ngumu kufa kwa msuguano na inavumilia jua kuliko nailoni. Viwandani wanaipima kwa mashine inayoitwa Martindale, wanabana kipande cha kitambaa na kukisugua na kitambaa cha sufu, mwendo wa kuzunguka zunguka sio wa kwenda na kurudi tu, kwa vitambaa vya siti mgandamizo wake ni kilopaskali 12, na wanahesabu misuguo mpaka nyuzi mbili zikatike kabisa. Kitambaa kizuri kinakula makumi ya maelfu ya misuguo. Kwaiyo ukikuta gari la zamani la kitambaa limetembea sana, angalia katikati ya siti, mara nyingi utakuta imechoka rangi tu, imekuwa laini kidogo, imeng'aa pale mapaja yanapopita, basi. Leza ya umri huo huo ingekuwa imepasuka mistari mistari kama haikupakwa mafuta.

Sasa tatizo la ile mashine ni kwamba inasugua kitambaa kikiwa kimelazwa bapa. Haijui mtu anavyoingia kwenye gari la spoti.

Fikiria mwenyewe unavyoingia. Gari liko chini, kizingiti kipana, siti imezama, na pembeni kuna zile mbavu zilizonyanyuka ili zikubane kwenye kona. Huwezi kuketi moja kwa moja kama kwenye gari la kawaida. Unatanguliza mguu mmoja, unajiachia, na kitu cha kwanza kupokea uzito wako sio kikalio, ni ule ubavu wa nje wa siti ya dereva, alafu ukiwa umeukalia hivyo hivyo unazungusha kiuno na kuteleza kuingia ndani. Yaani uzito karibu wote juu ya kipande kidogo, tena unakisokota. Kushuka ni hivyo hivyo kwa kurudi nyuma, na ni kubaya zaidi sababu watu wengi wanaegemea kile kiwiko cha ubavu kujisukuma watoke. Hakuna kitambaa kilichosukwa kwa ajili ya hiyo adhabu.

Na uchakavu wenyewe unaanzia ndani, hiki ndo kitu watu hawakijui. Nilivua kava ya siti ya gari la jamaa yangu, tukaigeuza. Kwa nje ulikuwa unaona weupe tu kwenye kona ya ubavu, kama kitambaa kimepauka. Kwa ndani ile sponji nyembamba iliyogandishwa nyuma ya kitambaa ilikuwa imeisha, imekuwa unga unga wa njano unaodondoka ukiigusa, na chini yake ile sponji nene ya ubavu imepasuka kwa urefu, ukiweka kidole kinafika mpaka kwenye waya wa fremu. Kwaiyo kila mtu akiingia kitambaa kilikuwa kinabanwa katikati, huku mshono wa jinzi, huku waya. Kingepona vipi? Sponji ikishakufa kitambaa kina siku zake za kuhesabu, hata kiwe kizuri namna gani.

Ndo maana ukija kuniuliza siti ipi inadumu mi siangalii kitambaa kwanza, nabonyeza ubavu. Chukua kiganja, ubonyeze pale juu ya ubavu wa nje wa kikalio, alafu uachie. Ubavu ukirudi haraka na ukawa mgumu sawa sawa na wa upande wa pili, siti bado nzima hata kama rangi imechoka. Ukibonyea kirahisi ukabaki na shimo, au ukasikia kitu kigumu chini, jua kitambaa kinafuata hata kama leo kinang'aa.

Aina za kitambaa nazo zinatofautiana, hapa nitachukua muda kidogo.

Kile kilichosukwa bapa, kisicho na manyoya, ndo chaguo langu bila mjadala. Mfano mzuri ni ule mraba mraba wa Golf GTI ya kwanza ya Volkswagen, iliyoingia sokoni 1976, uliobuniwa na Gunhild Liljequist, mama huyo huyo aliyeleta kirungu cha gia kama mpira wa gofu. Watu wanausifia kwa urembo lakini mi nausifia kwa kazi, maana kitambaa chenye michoro ya rangi kadhaa kinaficha doa, kinaficha kupauka, kinaficha hata vile vipira vidogo vya nyuzi. Siti nyeusi tupu kama yangu haifichi kitu, vumbi linaonekana, chumvi ya jasho inaonekana kama ramani. Porsche nao walikuwa na ile Pepita ya vipande vyeupe na vyeusi tangu miaka ya 1960, na 2022 wakairudisha kwenye 911 Sport Classic, na ukiiangalia unaelewa kwanini, ni kitambaa kinachozeeka bila kelele.

Kile chenye manyoya mafupi, mahameli, kama ile Pasha ya Porsche ya miaka ya 1970 yenye vibao kama bendera ya mashindano iliyopinda, ni kizuri kukalia na kinashika mwili vizuri sana, hutelezi hata kidogo. Shida manyoya yanalala. Pale unapokaa kila siku yanalala upande mmoja na unapata doa la kung'aa ambalo ukisugua na brashi linainuka kidogo alafu linalala tena. Hakijachanika, ila kinaonekana kizee mapema.

Alafu kuna suedi ya kutengenezwa, kitambaa kinachoiga ngozi laini yenye manyoya mafupi. Hapa watu wanachanganya, wanaona Alcantara, jina la kibiashara la suedi ya aina hiyo, wanafikiri ni ngozi. Sio ngozi. Ni poliesta asilimia 68 na poliurethani asilimia 32, ilibuniwa na Miyoshi Okamoto wa kampuni ya Toray ya Japani mwaka 1970. Kwa mgongo na kwa kikalio inashika vizuri kuliko kitu chochote, na sishangai Honda kuweka kitambaa chekundu cha mtindo wa suedi kwenye Civic Type R, unapiga kona umetulia. Lakini adui yake ni mafuta ya ngozi na jasho. Ukivaa kaptula, mapaja yanagusa, nyuzi zake nyembamba zinashikana, pale panakuwa pagumu na panang'aa kama pamepakwa gundi. Hiyo inataka kufutwa mara kwa mara na kitambaa cheupe cha pamba chenye unyevu kidogo tu, kisha brashi laini ikishakauka. Kama wewe ni mvivu wa usafi, usichukue. Mi ni mvivu wa usafi.

Vile vipira vya nyuzi navyo niviseme, maana vinatisha watu bure. Sufu ikitoa vipira vinadondoka vyenyewe, ila poliesta uzi wake ni imara kiasi kwamba kipira kinabaki kimening'inia pale pale. Haimaanishi kitambaa kinaisha. Tafuta kale kamashine kadogo ka kunyolea nguo, pitisha taratibu, usikandamize, na usivute kwa mkono, ukivuta unatoa na uzi mzima.

Mkanda nao ni mchawi. Kwenye gari la milango miwili mkanda unatokea nyuma sana, unapita juu ya bega la siti kila unapouvuta na kila unapouachia. Angalia bega la nje la siti ya dereva, utaona mstari. Na wengine wanauachia uruke wenyewe, kile chuma chake kinapiga ubavu kila siku mpaka kinatoboa. Usindikize kwa mkono mpaka uishe kurudi, haichukui muda.

Usafi nitapita haraka. Vakyumu kwanza kabla ya maji, kila mara, sababu mchanga uliozama kwenye nyuzi ndo kisu chenyewe, unakaa unakata kila ukijigeuza, na ukimwaga maji juu yake unauzamisha zaidi. Maji kidogo, povu zaidi, nyonya yote. Watu wanalowesha siti mpaka sponji inajaa maji, juu panakauka, chini panabaki na unyevu, baada ya muda gari linanuka uvundo na huelewi unatoka wapi. Dawa za kung'arisha nguo nyeupe zikae mbali kabisa.

Sasa kava. Najua wengi mkishaona weupe kwenye ubavu mnakimbilia kava ya kuvalisha juu. Kwenye gari la spoti mi sikushauri, na sio sababu ya muonekano tu. Siti nyingi za kisasa zina mfuko wa hewa (airbag) wa kukukinga kwenye ajali ndani ya ubavu wa nje wa mgongo, na ule mshono pale umeshonwa makusudi upasuke mfuko ukifumuka. Ukivalisha kava isiyo na upenyo pale umeziba njia yake. Kitu hicho hicho kwa fundi wa siti, mwambie kabla hajashika cherehani, mshono wa pembeni wenye mfuko haushonwi na uzi wowote tu aliokuwa nao kwenye droo. Kuna fundi mmoja, jina naliacha, alinirudishia siti imeshonwa vizuri ajabu, imenyooka, uzi mnene wa viatu kwenye mshono wa mfuko. Nikamrudishia afumue. Alinuna, lakini alifumua.

Na kama unafungua siti mwenyewe, toa waya wa betri usubiri dakika kadhaa kabla hujagusa ile plagi ya njano ya mfuko wa hewa chini ya siti. Hilo halina ujanja.

Ukarabati wenyewe kwa kitambaa ni rahisi kuliko leza na hii ni pointi kubwa kwa upande wangu. Siti imeshonwa kwa vipande, ubavu ni kipande chake, kwaiyo unabadilisha kipande kimoja na sponji yake badala ya siti nzima. Leza ukibadilisha kipande kimoja utaona tofauti ya rangi na mng'ao kutoka mbali, kitambaa cheusi tofauti inapotea baada ya muda. Shida inakuja kwenye vile vitambaa vya michoro maalum, vikishaacha kutengenezwa unaweza kutafuta mpaka ukachoka, na hapo ndo ule mraba mraba ninaousifia unageuka mzigo. Kwa gari za zamani zisizo na sensa (kifaa cha kuhisi) wala mifuko ya hewa kwenye siti kuna mbinu ya wajanja, kama kikalio cha dereva na cha abiria vina umbo moja, unabadilishana. Ubavu uliochoka wa dereva unahamia upande wa katikati kwa abiria ambako hakuna anayepanda, na ule mzima unakuja mlangoni kwako. Gari la kisasa usijaribu, kikalio cha abiria kina sensa ya kujua kama kuna mtu.

Maksi zangu basi: kitambaa bapa 9 kwa 10 kwa katikati, 5 kwa ubavu. Mahameli 7 na 5. Suedi 8 kwa anayeisafisha, 4 kwa asiyeisafisha. Ubavu nimeupa maksi ndogo sababu lawama ni ya umbo la siti, ubavu ukiwa mrefu zaidi unakushika zaidi kwenye kona na unakufa mapema zaidi, huwezi kupata vyote. Siti zenye ubavu wa wastani kama za Mazda MX-5 unaingia bila kuukalia sana, zile zinazokubana kama za mashindano lazima uukalie.

Kwa hiyo ukienda kukagua gari la spoti lililotumika, usimsikilize muuzaji akikwambia kilomita ni chache. Fungua mlango wa dereva, chuchumaa, angalia kona ya ubavu wa nje kwa usawa wa jicho, bonyeza, alafu nenda upande wa abiria ubonyeze ule wa kule. Kilomita chache na ubavu umekufa maana yake gari limekuwa la kupanda na kushuka, safari fupi fupi za mjini, injini inawaka inazimwa kabla haijapata moto vizuri. Hapo muulize kuhusu oili kabla ya kuuliza kuhusu siti.