Vijikaratasi vya pH (vya kupima asidi) wodini kwetu: nyota 4 kati ya 5

Sisi manesi wa zamani tulizoea kupuliza hewa kwenye mpira wa kulishia mgonjwa, unaopita puani hadi tumboni, huku stetoskopu iko tumboni. Ukisikia "bwuu", unamimina uji. Kumbe hata mpira ulioingia kwenye pafu unaweza kutoa mlio huohuo! Nikikumbuka, mwili unanisisimka.

Sasa navuta majimaji kidogo kutoka kwenye mpira kwa bomba la sindano, nadondoshea kwenye karatasi, nalinganisha rangi na chati ya boksi. Ikisoma kati ya 1 na 5.5, yaani ni asidi ya tumboni, nalisha. Ikizidi hapo, simlishi mtu. Nasubiri nipime tena, au daktari aandike eksirei.

Kinachonikera ni rangi ya 5.5 na ya 6: zinafanana kama mapacha, na taa yetu ya usiku ni ya njano. Nasoma kwa tochi ya simu, namwita na mwenzangu aangalie. Halafu kuna babu wa kitanda cha mwisho anayetumia omeprazoli. Dawa imempunguza asidi, basi karatasi haikutuambia kitu, akaishia eksirei.

Boksi lifunikeni vizuri, jamani. Unyevu unaziharibu.