Kompyuta ya gemu hapa Mwanza: nunua pawasaplai kwanza

Wasomaji wanaoniandikia kutoka Nyakato, Igoma mpaka Ukerewe wanalalamika jambo lilelile. Mtu kajichanga, kaunga kompyuta yake ya gemu, imewaka vizuri, lakini akifungua gemu zito inazima papo hapo. Mwingine umeme ulikatika usiku, uliporudi mashine ikagoma kabisa, na fundi akamwambia mazabodi, ile bodi kuu inayounganisha vifaa vyote, imekwenda. Nikiuliza pawasaplai, yaani kifaa kinachogeuza umeme wa ukutani uwe wa kutumika ndani ya kompyuta, ni ya kampuni gani, jibu ni moja: "Ilikuja na kesi," yaani na boksi la nje la kompyuta.

Kwa hiyo hapa sipangi kwa ubora kadi za grafiki wala prosesa. Hizo zimechambuliwa mno. Ukicheza kwenye skrini ya 1080p, prosesa ya Ryzen 5 5600, kadi ya grafiki ya RX 6600, RAM ya GB 16 na diski ya SSD vinakutosha. Ninachopanga ni pawasaplai, kile kiboksi ambacho wauzaji hawakitaji na wanunuzi hawakiulizi.

Namba kubwa ya 500W iliyobandikwa pembeni isikuzuzue. Prosesa na kadi ya grafiki vinakula umeme wa laini ya volti 12. Geuza kifaa, soma jedwali la kwenye lebo, tafuta palipoandikwa +12V, chukua ampea zake uzizidishe kwa 12. Pawasaplai ya kweli ya wati 550 itakupa ampea 45 hivi, yaani wati 540 kwenye laini hiyo moja. Hizi za kuja na kesi unaweza kukuta ampea 15. Mara 12, ni wati 180! RX 6600 peke yake inafika wati 132, na Ryzen 5 5600 ikikazwa inapita 70. Hesabu imeshakataa kabla hujawasha feni hata moja. Ndiyo maana mashine inazima mchezo ukikolea.

Halafu tazama nyuma. Ukiona kiswichi chekundu cha kuchagua 115 au 230, rudisha. Hiyo ni saketi ya kizamani isiyo na PFC ya kisasa (sehemu inayorekebisha namna umeme unavyovutwa ukutani), na mtoto akikibonyeza kwenda 115 huku ukutani kuna volti 230, utasikia mlipuko. Pawasaplai nzuri za sasa hupokea kuanzia volti 100 hadi 240 zenyewe. Kwetu hili ni kubwa, kwa sababu jioni mtaa mzima ukiwasha pasi na majiko, umeme unapungua hadi taa zinafifia. Nzuri inaendelea na kazi. Mbovu inazimazima hadi inaungua.

Na alama ya 80 Plus watu wanaielewa vibaya. Mpango huo ulianza Marekani mwaka 2004 na unapima hasa kitu kimoja: katika umeme unaovutwa ukutani, kiasi gani kinafika kwenye mashine na kiasi gani kinapotea kwa joto. Haupimi kinga ya shoti wala ya volti kuzidi. Daraja lake la Gold linapoteza umeme kidogo kuliko la Bronze, basi. Uimara wa pawasaplai unatokana na aliyeitengeneza.

Ndipo nasema wazi kwamba chaguo langu la kwanza ni Seasonic Focus GX, ya wati 650 au 750. Seasonic ni kampuni ya Taiwan iliyoanza mwaka 1975, inatengeneza pawasaplai zake yenyewe, na imewahi kuwatengenezea wengine, Corsair wakiwemo. Kapasita zake ni za Kijapani, za kuhimili nyuzi joto 105, na waranti ya kiwandani ni miaka 10. Kinga zake zipo kweli: ikizidiwa inajizima, haivuti mazabodi na kadi kaburini pamoja nayo. Nyaya zake zote zinachomoka, ila usije ukachomeka waya wa kampuni nyingine hata kama umeingia vizuri. Mpangilio wa pini upande wa pawasaplai unatofautiana, na hivyo ndivyo diski zinavyoungua.

Ya pili ni Corsair CX650. Bronze, waranti miaka 5, inafaa kabisa kwa mashine niliyoitaja juu. Ya tatu MSI MAG A550BN, kama mfuko umebana.

Za mtumba kutoka kwenye Dell na HP za ofisini nyingi zina plagi zao wenyewe, hazitaingia kwenye mazabodi ya kawaida. Za kuja na kesi sizipi nafasi yoyote. Rahisi huvunja upishi.

Sasa wauzaji. Tangazo linataja prosesa kwa jina, kadi kwa jina, hata rangi ya taa za feni, lakini ukifika kwenye pawasaplai imeandikwa "600W" tu. Bei hakuna, "njoo inboksi". Ukiomba picha ya lebo unatumiwa picha ya boksi kwa mbele. Sisi wa Kanda ya Ziwa ndio tunaoumia zaidi: mzigo unapandishwa basi Dar, nauli juu yako, unaupokea stendi ya Nyegezi, ukigundua umepigwa unaambiwa mali ikishauzwa hairudishwi. Hii si haki, na itaendelea kama tutaendelea kulipa kwanza na kuuliza baadaye. Usitume hela kabla hujaiona laini ya +12V. Anayekataa kuipiga picha, achana naye, na umwambie sababu.

Kuna jambo ambalo hata Seasonic haitalimaliza. Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu za dunia zinazopiga radi nyingi mno: usiku upepo wa nchi kavu unatoka pande zote, unakutana juu ya maji yenye joto, na mawingu yanajengeka mpaka alfajiri. Ukisikia ngurumo, chomoa waya ukutani, pamoja na ule wa intaneti. Mwite fundi umeme akague kama ethi ya nyumba inafika kweli ardhini, maana kinga nyingi za ekstensheni hazifanyi kazi ipasavyo bila hiyo.

Ukinunua UPS, ile betri ya kushika kompyuta umeme ukikatika, jua kwamba 650VA si wati 650. Mara nyingi ni chini ya 400. Tena baadhi ya UPS za bei nafuu hutoa wimbi la umeme ambalo pawasaplai zenye PFC hulikataa, mashine ikazima sekunde ileile umeme unapokatika. Ibebe kompyuta yako mpaka dukani, iwashe na gemu likiwa linacheza, kisha mwambie muuzaji achomoe UPS ukutani mbele yako.