Kirutubisho cha Kupunguza Kolesteroli: Kipi Kinunuliwe Kwanza?

Mkazi wa Mbeya au Iringa aliyeambiwa kuwa kolesteroli yake mbaya, yaani LDL, imepanda, hukutana na bidhaa nyingi za asili madukani na kwa wachuuzi wa stendi, nyingi zikiahidi "kusafisha mishipa". Ahadi hiyo ipuuzwe. Zipo chache zinazoshusha LDL kwa kiasi, nami nimezipanga kwa kutazama ushahidi kwanza, usalama pili na bei mwisho.

Nafasi ya kwanza ni ya maganda ya mbegu za isabgoli (psyllium), ambayo maduka ya dawa huyauza hasa kwa wenye choo kigumu. Nyuzinyuzi zake hugeuka ute tumboni na kunasa asidi za nyongo, hivyo ini hulazimika kuchota kolesteroli kwenye damu ili litengeneze nyongo nyingine. Gramu 10 hivi kwa siku, zikitumiwa kwa wiki kadhaa, hushusha LDL kwa takriban asilimia 5 hadi 10. Yanywewe kwa maji mengi, kwa sababu yanaweza kuvimba na kuziba koo, na dawa nyingine zipishane nayo kwa saa mbili. Nunua yasiyotiwa sukari.

Oti hufuata kwa karibu: gramu 75 hivi za oti kavu kwa siku hutoa gramu 3 za beta-glukani, yaani nyuzinyuzi za oti zinazoyeyuka, kiwango chenye manufaa yaliyothibitishwa. Mwenye bajeti ndogo aanzie soko la Mwanjelwa, Mbeya, anunue maharage, pamoja na parachichi la Rungwe la kupaka kwenye mkate badala ya siagi. Si virutubisho vya kopo, lakini kwa maoni yangu vinashinda vidonge vingi.

Vidonge vya steroli za mimea, viambato vya mimea vinavyofanana na kolesteroli, nimeviweka nafasi ya tatu, kwa sharti kwamba lebo ionyeshe jumla ya gramu 2 kwa siku, navyo vimezwe pamoja na chakula. Vidonge vya kitunguu saumu, manjano na mdalasini havistahili fedha yako, na mafuta ya samaki hupunguza trigliseridi (aina nyingine ya mafuta ya damu), si LDL. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2022 ulilinganisha virutubisho sita, zikiwemo steroli, na miligramu 5 za rosuvastatini, dawa ya kolesteroli ya kundi la statini, kwa siku 28: dawa ilishusha LDL kwa takriban asilimia 38, huku virutubisho vyote vikishindwa kuipita tembe isiyo na dawa kwa tofauti ya maana.

Mchele mwekundu uliochachushwa nauweka mwisho kabisa. Una monakolini K, ambayo ni lovastatini yenyewe, statini nyingine, ila kipimo chake hubadilika kutoka chupa hadi chupa, na baadhi ya bidhaa zina sumu ya ukungu inayodhuru figo. Umoja wa Ulaya uliamua mwaka 2022 kwamba kiwango cha monakolini kwa siku kiwe chini ya miligramu 3. Mjamzito asiuguse, wala anayetumia statini asiuongeze.

Aliyeandikiwa dawa asiiache kwa ajili ya kirutubisho chochote. Wengine warudie kipimo baada ya wiki 8 hadi 12. LDL ikiwa haijashuka, wasinunue pakiti nyingine bali warudi kwa daktari.