Katuni za UNESCO Kuhusu Wanawake wa Afrika: Tathmini ya Mwalimu wa Historia

Mwalimu anayetaka wanafunzi wake wasikie zaidi ya msimulizi mmoja wa historia hukwama kwanza kwenye gharama, kwa kuwa vitabu vya ziada ni ghali na maktaba nyingi za shule hazina zaidi ya vitabu vya kiada. Kwa sababu hiyo mfululizo wa UNESCO kuhusu wanawake katika historia ya Afrika unastahili kutazamwa kwa makini. Unapatikana bure kwenye intaneti, chini ya leseni huria inayomruhusu mwalimu kupakua, kurudufu, kutafsiri na hata kurekebisha, mradi ataje chanzo na kuitoa kazi yake kwa masharti hayohayo. Miongoni mwa waliosimuliwa ni Taytu Betul wa Ethiopia, Funmilayo Ransome-Kuti wa Nigeria, wanawake askari wa Dahomey (ufalme uliokuwa katika Benin ya leo) na Wangari Maathai wa Kenya.

Kitabu ninachokitumia zaidi darasani ni cha Njinga Mbandi, aliyetawala Ndongo na Matamba, katika Angola ya leo, na kufariki mwaka 1663. Michoro ni ya Pat Masioni, msanii mzaliwa wa Kongo, na ina nguvu. Tukio la mwaka 1622 ndilo linalowashika wanafunzi: Njinga amefika Luanda akiwa mjumbe wa kaka yake mfalme, gavana Mreno ameketi kitini, naye hakuandaliwa kiti. Mhudumu wake anainama, Njinga anamkalia mgongoni, na mazungumzo yanaendelea sawa kwa sawa. Darasa hucheka, kisha hutokea mmoja akauliza kama kuna aliyeandika habari za yule mhudumu. Swali hilo peke yake linatosha kipindi kizima.

Hata hivyo, ninachokithamini kuliko michoro yenyewe ni tamko la watayarishaji kwamba picha hizo zimetokana na utafiti, lakini hazidai kuonyesha kwa usahihi matukio, watu, majengo, mitindo ya nywele wala mavazi ya enzi ile. (Ni nadra kukuta kitabu cha kiada kikikiri jambo kama hilo.) Mimi huanzia hapo, nikiwauliza wanafunzi ni nani aliyeliandika tukio la Luanda. Mmoja wa walioeneza simulizi hiyo ni Giovanni Antonio Cavazzi, padri Mkatoliki wa shirika la Wakapuchini aliyefika Angola mwaka 1654, miaka zaidi ya 30 baada ya mkutano, na ambaye kitabu chake kilichapishwa Bologna, Italia, mwaka 1687, malkia akiwa amekwisha kufa. Zipo pia barua ambazo Njinga mwenyewe aliwapelekea Wareno. Katuni, padri na barua vikiwekwa pamoja, mjadala hauhitaji kuchochewa.

Upungufu upo. Kwa kuwa mfululizo ulikusudiwa kuwarudishia wanawake hawa nafasi waliyonyimwa, msisitizo unaelemea upande wa ushujaa, na mwalimu asiyejiandaa anaweza kubadilisha masimulizi ya upande mmoja kwa mengine ya upande mmoja. Njinga alipigana na Wareno, akashirikiana na Waholanzi walipoishika Luanda kati ya mwaka 1641 na 1648, lakini naye aliuza mateka katika biashara ya watumwa. Jambo hilo nalisema waziwazi darasani, na wanafunzi hulipokea kwa ukomavu kuliko watu wazima wengi.

Chemshabongo zilizoambatanishwa huzipita haraka, kwani zinapima kumbukumbu tu. Maelezo ya usuli yaliyoandaliwa kwa ajili ya ufundishaji ni mazuri zaidi, ingawa toleo la Kiingereza ninalolitumia lina lugha nzito kwa kidato cha kwanza na cha pili, hivyo mwalimu ajiandae kufupisha na kutafsiri. Pale ambapo wanafunzi hawaruhusiwi kuwa na simu shuleni, projekta ndiyo njia bora. Fotokopi isiyo na rangi hufifisha michoro. Shule isiyo na projekta ichapishe kurasa chache za mkutano wa Luanda na kuzigawa kwa makundi, na sehemu iliyobaki ya kitabu isomwe na mwalimu kwa sauti.