Begi la shinikizo Kilimanjaro: uzoefu wangu

Naongoza wageni Kilimanjaro, na kifaa ninachokisifia hapa ni begi la shinikizo la kumsaidia anayeugua kwa hewa nyembamba ya juu mlimani, tunaloliita Gamow kwa jina la profesa wa Colorado aliyelibuni. Ni mfuko mrefu usiopitisha hewa. Mgonjwa anaingia mwili mzima, unafunga zipu, kisha unapiga pampu kwa mguu mpaka shinikizo la ndani lizidi la nje kwa paundi 2 kwa inchi ya mraba. Aliye kambi ya Barafu, mita 4,673, anapumua kana kwamba umemlaza kambi ya Mweka, iliyo chini sana mlimani, au chini yake kidogo, na hujamsogeza hata hatua.

Nililitumia Barafu usiku wa theluji. Mgeni alikuwa anayumba, hawezi kufuata mstari, maneno yanampotea. Hizo ni dalili za ubongo kuvimba. Helikopta hairuki usiku, na njia ya kushukia ilikuwa haionekani. Tukampa deksamethasoni, dawa ya kupunguza uvimbe, tukamwingiza. Baada ya kama saa moja akatoka anajibu maswali na anatembea kwa kushikwa mkono, na theluji ilikuwa imepungua, tukaanza kumshusha saa ileile. Begi linakununulia muda tu. Mgonjwa akibaki juu, dalili hurudi, kwa hiyo anayesema "amepata nafuu, tungoje kupambazuke" simuungi mkono hata kidogo.

Kazi ngumu ni pampu. Hata begi likishajaa huachi, maana hewa chafu anayoitoa mgonjwa lazima ipate mbadala. Wagumu, yaani wapagazi wetu, walipokezana usiku ule bila kulalamika, na sifa nyingi za kazi ile ni zao. Masikio nayo huuma shinikizo linapopanda: piga taratibu, mwambie ameze mate, mwangalie usoni kupitia kidirisha. Mwenye maji kwenye mapafu hawezi kulala chali. Inua upande wa kichwa kwa mawe na magodoro. Anayetapika ndiye anayenitia hofu, kwa sababu ukitaka kumfikia lazima kwanza utoe hewa yote.

Mtungi wa oksijeni ni rahisi zaidi kutumia na tunaubeba kila safari, lakini unaisha. Begi linahitaji miguu tu.

Unayepanga kupanda, iulize kampuni yako kama begi litakuwa kambini pamoja nanyi au limebaki stoo Moshi, na ni mwongozaji gani amefanya mazoezi nalo.