Kliniki ya afya ya akili Mwanga, Kigoma: nyota nne kati ya tano

Naandika kwa yeyote hapa Kigoma ambaye moyo humwenda mbio ghafla, kifua kikabana, mikono ikafa ganzi, akaona kabisa anakufa, halafu akifikishwa hospitali vipimo vinatoka safi.

Mimi nauza dagaa kwa jumla Kibirizi. Kabla ya hapa nilizungushwa sana. Kituo kimoja nilipewa mseto, dawa ya malaria, ilhali malaria haikuonekana, kingine taifodi, kingine vidonda vya tumbo. Presha nilipimwa nikiwa natetemeka, ikasoma juu, nikaandikiwa vidonge vya presha. Kila kituo kilianza upya kana kwamba sijawahi kupimwa, na hela ilitoka kwenye mtaji.

Hapa daktari, binti mdogo tu, aliniuliza, “Mama, hiyo bahasha ina nini?” Akavimwaga vyeti vyote mezani akasoma kimoja kimoja, hata karatasi ya umeme wa moyo. Akaongeza kipimo kimoja tu ambacho hakikuwepo, cha tezi ya shingo. Majibu yalipotoka sawa akasema, “Moyo wako mzima, na wewe husingizii. Huu ni ugonjwa wa hofu ya ghafla, na unatibika.” Akanieleza kwamba ukipumua harakaharaka hewa ya kabonidayoksaidi hupungua mno mwilini, ndiyo sababu ya ganzi na kizunguzungu, na kwamba hali hiyo kwa kawaida hufika kileleni ndani ya dakika 10 hivi, kisha hushuka.

Kilichonisaidia zaidi ni mpango wa kuja hospitali. Alisema kila nikikimbilia kupimwa napata nafuu ya usiku mmoja, halafu mwili unazidi kuamini kwamba bila hospitali sitapona. Basi ananipangia tarehe, nakwenda nikiwa nimeshikwa au sijashikwa. Na hakunifungia mlango: aliniandikia dalili za kuja mbio, kama kuzimia, upande mmoja wa mwili kulegea, au maumivu ya kifua yanayokuja nikibeba mzigo au yanayopanda mkononi na kwenye taya.

Dawa alinianzishia fluoksetini kidogokidogo, akanionya mapema kuwa huchukua wiki kadhaa kufanya kazi na kwamba siku za mwanzo wasiwasi unaweza hata kuzidi. Diazepamu, dawa ya kutuliza, ya kila siku alikataa kuniandikia, kwa sababu mwili huizoea.

Nyota moja nimeikata kwa sababu ya korido. Watu wamebanana kwenye mabenchi, hakuna upepo, na mlangoni kuna maandishi makubwa ya WAGONJWA WA AKILI yanayosomeka kutoka getini. Hapo ndipo mgonjwa wa hofu anapoishiwa pumzi! Jirani yangu wa Ujiji aliinuka akaondoka kabla hajaitwa, na mpaka leo hataki kusikia habari ya hospitali yoyote, hata jino linapomuuma. Uongozi, tafadhali, gaweni namba, watu wasubiri nje chini ya mwembe. Na kliniki iwe zaidi ya siku moja kwa wiki. Dawa nazo huisha dirishani, unalazimika kununua duka la nje.

Ukienda, wahi asubuhi, beba vyeti vyako vyote, na mtajie daktari kila unachotumia, mitishamba ikiwemo.